Siku Nne za Theluji

Majira ya baridi ya Johannesburg huanzia puani. Kabla hujaona umande ulioganda juu ya vioo vya magari, unasikia harufu ya nyasi zilizoungua kandokando ya reli, ya makaa ya mawe kwenye madebe ya walinzi wa usiku, na ndani ya nyumba yetu ya Bertrams, harufu ya hita ya mafuta ya taa ambayo mama aliiwasha jioni na kuizima kila alipokumbuka bei ya mafuta. Mimi husikia na harufu nyingine, ya gunia la viazi lililolowa. Gunia hilo lilikuwa kazi yangu. Kuanzia Mei hadi Agosti, kila jioni nilitakiwa kukikokota chungu cha isale kutoka barazani hadi jikoni, au kukifunika kwa gunia nikishindwa uzito wake, maana isale ni mmea wa mgombani na baridi ya huku haujaizoea. Nilikuwa na miaka kumi, na kazi yenyewe niliichukia.

Kwa asiyejua, isale lina majani marefu ya kijani, na Wachaga hulipanda mipakani mwa vihamba vyao, yaani mashamba ya ukoo, na makaburini. Lakini kazi yake kubwa ni kuomba msamaha. Ukimkosea mtu, unakata jani, unalifunga fundo, unampelekea. Naye akishapelekewa isale hana ruhusa ya kukataa, hata kama alikwisha kuapa kwamba hatakusamehe mpaka kiama. Baba yangu, mtu wa Soweto aliyekimbilia Tanzania akiwa kijana wakati wa ukombozi, alijifunza Kiswahili Morogoro na hukohuko akampata mama, muuguzi mwenye asili ya Kibosho, huko Moshi. Ulipofika wakati wa kurudi kwao akiwa na mke, alikwenda Kibosho kwa bibi yangu na jani la isale mkononi, kuomba radhi kwa kumchukua binti mbali namna ile. Bibi alilipokea kwa mikono miwili, akaweka sharti moja: siku yake ikifika, binti yake awepo. Baba aliahidi. Mama akachimba mche wa isale kwenye ua wa bibi, akaufunga ndani ya khanga mbichi, akaja nao mpaka Johannesburg.

Mwaka ninaousimulia, mjomba alipiga simu mwezi wa Juni akasema bibi amelala, hali si nzuri. Mama hakuwa muuguzi tena, kwa sababu vyeti vyake havikutambuliwa huku. Alikuwa akishona magauni ya harusi kwenye duka la Wakongomani kule Yeoville, na nauli ya kwenda Moshi alikuwa ameiweka kidogo kidogo kwenye kopo la maziwa. Ilikuwa imetosha. Tatizo ni kwamba bibi alikuwa "amelala" pia mwaka uliotangulia, na mwaka wa kabla yake, na mara zote aliamka akaenda shambani. Na baba alikuwa na hofu nyingine ambayo mimi niliisikia kupitia ukuta, nyumba zile zikiwa na kuta za kadibodi. "Ukienda hurudi," alimwambia mama. "Nitakuja kukutafuta wapi, mimi?" Nikasikia mama akilifunika kopo, na kwa mtu mwenye hofu hilo lilikuwa jibu tosha.

Ndipo theluji ikaingia nyumbani kwetu. Shuleni kwangu walikuwapo wasichana ambao kila likizo ya Julai walipelekwa milima ya Lesotho kuteleza kwenye theluji, wakarudi na mashavu mekundu na hadithi zisizoisha, nami sikuwa na hadithi yoyote isipokuwa ya gunia. Nilikuwa nimemsumbua baba kwa miezi. Jumapili moja baada ya chakula, baba akaliweka kopo la maziwa katikati ya meza, akasema hela hii inatosha jambo moja tu: mama kwenda Moshi peke yake, au sote watatu kwenda kwenye theluji, na Moshi twende Desemba, familia nzima, kwa raha. Mama alikulia chini ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, baba alisema, akaitazama theluji kila asubuhi maisha yake yote na hajawahi kuigusa. Si aibu hiyo? "Ponda mali, kufa kwaja!" akacheka, kisha akanigeukia. "Eish, tunabishana bure. Mtoto aseme."

"Mtoto asibebeshwe jambo hili, Baba Ndeshi," mama alisema. "Wewe hukumzika mama yako. Unajua."

Baba alilivuta kopo upande wake. Ni kweli, mama yake alifariki yeye akiwa uhamishoni, na habari zilimfikia baada ya mwaka. Nilidhani amebadili mawazo. Lakini aliendelea kunitazama, na mimi, Mungu anisamehe, nikasema, "Theluji." Mama alikunja kitambaa cha meza mara mbili, akakunja tena, akasema basi, twende theluji.

Watu wa ofisini kwetu huniuliza, wakijua kwamba niliwahi kwenda, kama safari ile inastahili gharama na usumbufu wake. Usumbufu naweza kuwaeleza. Kwanza nguo: kuzikodi ni ghali, hivyo mama aliokota miavuli iliyovunjika mitaani, akaichana, akatushonea suruali za kitambaa cha mwavuli zenye blanketi kwa ndani. Yangu ilikuwa na mguu mmoja mweusi na mwingine wa maua. Gari tuliazima kwa rafiki wa baba, nalo lilichemka mara mbili kabla hatujafika mpakani, na pale mpakani tulisimama foleni kwa muda wa saa tatu kwenye upepo unaokata masikio, huku Wasotho waliojifunga mablanketi yao wakitutazama kwa huruma. Tulipanga chumba kwenye kijiji cha chini ili kukwepa bei za hoteli. Asubuhi tukapanda mlima kwa gia ya kwanza, baba akiomba Mungu kwa Kizulu na kulitukana gari kwa Kiswahili. Juu huko kila kitu kilikuwa na bei yake: viatu, mbao za kutelezea, kamba ya kukuvuta juu, hata supu. Na theluji yenyewe ilikuwa ukanda mmoja mwembamba uliotengenezwa kwa mashine, huku na huku milima mikavu ya nyasi za kahawia.

Mama alishuka garini, akaitazama. "Ndiyo hii?" akasema. "Mbona kama wamemwaga chokaa?" Tukacheka sote. Kisha akainama, akavua glavu, akachota kidogo, akaitia mdomoni kama mtoto mdogo anayeonja udongo. Alikaa nayo mdomoni muda mrefu. Sikumwuliza alikuwa akiwaza nini.

Siku mbili za kwanza nilianguka zaidi ya nilivyosimama, nikafurahi kuliko nilivyowahi kufurahi. Siku ya tatu, Ijumaa, hela za kukodi mbao zikaisha, kwa hiyo baba akatuokotea karatasi la plastiki nene lililotupwa nyuma ya jiko la hoteli. Mama alikuwa amekaa pembeni muda wote na blanketi lake. Nikamvuta mkono. Alikataa, akakataa tena, kisha akanyanyuka ghafla, akakaa mbele ya plastiki, akaniambia nimshike kiuno. Tuliteremka tukipiga kelele, suruali zetu za miavuli zikipigapiga kwa upepo, tukapinduka chini kabisa, na mama akabaki chali akicheka hadi machozi yakamtoka. Akasema tena. Tukapanda, tukateremka tena, na tena, mpaka Wazungu waliokuwa wakipita wakasimama kututazama. Sikuwa nimewahi kumsikia mama akicheka hivyo. Ilikuwa saa saba mchana, najua kwa sababu baba alituita tukale mkate.

Kule juu simu hazikushika, wala kijijini tulikolala. Tulirudi Jumamosi, na ilikuwa pale mpakani, foleni ikiwa imesimama, simu ya mama ilipoanza kulia ndani ya mkoba, mlio mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayebisha hodi bila kuchoka. Ujumbe wote ulitoka kwa mjomba, nao ulikuwa umepangana kwa siku. Mama anakuulizia. Mama anakuulizia sana, piga. Mama ametutoka leo alfajiri. Tunakusubiri dada, sema neno moja tu, tutangoja. Na wa mwisho, wa Ijumaa: Tumemzika leo saa nane. Mama alimpa baba simu. Baba alisoma, akashuka garini, akasimama kando ya barabara ameshika kichwa kwa mikono yote miwili, mpaka magari ya nyuma yakaanza kutupigia honi. Saa nane ya Kibosho ni saa saba ya kwetu. Hesabu hiyo niliifanya nikiwa mtu mzima, na tangu niifanye sijapata njia ya kuisahau. Wakati udongo unaingia, mama alikuwa mbele yangu kwenye plastiki, anapiga kelele za furaha.

Tulifika nyumbani jua linazama. Barazani, isale lilikuwa palepale nilipoliacha siku tuliyoondoka, bila gunia. Nilikuwa nimesahau kuliingiza, kwa furaha ya safari. Siku nne za umande ulioganda zilikuwa zimelifanya jeusi toka juu hadi chini. Niliona baba akikielekea chungu kile na nikajua anachotaka, kwa sababu mtoto aliyelelewa na Mchaga anajua. Alishika jani moja ili alikate. Likamwozea mkononi. Akashika la pili, likawa vilevile. Alipekua chungu kizima akipiga magoti sakafuni, mtu mzima, akitafuta jani moja tu lenye uhai, na mama alikuwa amesimama mlangoni na funguo mkononi anamwangalia. Mwishowe mama akasema, "Nyanyuka. Maji yakimwagika hayazoleki," akaingia ndani kuwasha hita.

Hawakuachana. Waliishi miaka mingine kumi na mmoja kama wapangaji wawili wenye heshima, wakipeana chumvi mezani, na baba akafariki bila kupeleka jani lake. Desemba ile hatukwenda Moshi, wala Desemba nyingine yoyote. Nilidhani ni hela. Nilipoanza kazi nikanunua tiketi mara mbili, na mara mbili mama akaugua wiki ya safari. Majuto ni mjukuu, walisema wahenga, lakini kwetu yamekuja kama mwana wa kuzaliwa, yakala nasi, yakalala nasi.

Siku hizi barabara ya kule Lesotho ni nzuri zaidi, na mtandao unashika mpaka juu mlimani, ndivyo wanavyoniambia. Mwezi uliopita binti yangu alikuja na karatasi ya shule ya safari ya theluji, macho yanamng'aa kama yangu ya wakati ule. Nilimwambia mwaka huu tunakwenda Kibosho. Alilia. Sikumwuliza achague. Wanasema hata theluji ya Kibo imepungua sana, na sijui nitamwonyesha nini.

Isale sasa linauzwa hapa mjini kama pambo la ofisi. Wanalipanga kwenye milango ya benki, hakuna ajuaye kazi yake. Nilinunua chungu kimoja Jumamosi, nikakata jani, nikalifunga fundo, nikalipeleka chumbani kwa mama. Miguu imemvimba, anashinda kitandani, lakini alikaa wima na kulipokea kwa mikono miwili.

"La nini hili, Ndeshi?"

"La theluji, mama. Mimi ndiye niliyesema."

"Ulikuwa mtoto." Alilipitisha jani kwenye vidole vyake mara kadhaa. "Wewe sikudai kitu. Hata baba yako nilikwisha kumsamehe, ila sikumwambia, na hilo ni kosa langu." Kisha akanirudishia. "Lifunge upya, limelegea. Ukifika Kibosho, umwekee bibi yako. Mwambie limetoka kwangu."

Nikamwambia nimeshanunua tiketi tatu, na yake ipo, alipeleke mwenyewe.

"Ataniuliza nilikuwa wapi," mama alisema. "Nimwambie nini, mwanangu? Kwamba nilikuwa nacheka?"

Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda chake, nikalifungua lile fundo, nikalifunga upya.