Pori mu Lupango

Kwetu Likasi, lupango, yaani kiwanja chote cha nyumba kuanzia mlangoni hadi ukutani, hufagiwa kila asubuhi mpaka udongo ubaki na michirizi ya ufagio. Jani moja likisalia, jirani ameshaliona. Majani yakifika kwenye kifundo cha mguu, watu wanasema wenye nyumba ni wavivu au wamekufa, na hawajali ni lipi kati ya hayo mawili.

Baba yangu aliishi kwa sheria hiyo. Miaka yake ya kazi alikata nyua za miti katika nyumba za wakubwa wa mtambo wa shaba, kwa mkasi mrefu na kamba iliyovutwa kati ya vijiti viwili. Alipostaafu akaileta kamba ile nyumbani, mtaani kwetu Kikula, na hata bilinganya zetu zikapanga foleni. Kisha mgongo ukamkatalia kuinama. Mvua zikaja, majani yakaja nazo.

"Lupango inakuwa pori," akasema. "Pasaka ikipita, minaenda kwa kaka yako Lubumbashi. Minye sitakaa mu pori."

Ni mimi niliyebaki naye. Asubuhi nafundisha biolojia, jioni nabishana na baba, na sikujua jioni zangu zingekuwa za nini bila yeye. Sikutaka aende, basi.

Wokovu niliupata sokoni, chini ya rundo la viatu vya mitumba: kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada, historia ya bustani. Mama we! Nilikisoma nikirukaruka. Kumbe wafalme wa Ulaya nao walikuwa kama baba, kamba na mkasi, kila mti mstarini. Halafu Waingereza wakachoka. Wakafuta mistari, wakapindisha vijito, wakapanda miti ionekane imejiotea porini. Kuna waliopanda hata mti mfu! Ukuta nao wakauficha ndani ya mfereji, ili mwenye nyumba akiwa kitini aone malisho na vilima hadi macho yachoke, kana kwamba vyote ni vyake. Mfereji huo wakauita ha-ha. Kicheko kitupu, nakuapia.

"Papa," nikamwambia, "weye hauko muvivu. Uko na jarden sovaje, bustani ya pori."

"Sovaje?" Kwetu hilo ni tusi la mtu anayekula na wageni bila kunawa mikono. "Mu lupango yangu?"

Nikamhubiria jioni tatu. Nilipofika kwenye mti mfu akanikatiza: "Bazungu bale balikosa kazi." Lakini hakusema hapana, nami nikaona mlango umeachwa wazi.

Magugu matupu yasingemdanganya mtu. Nilihitaji ua la porini lenye hadhi. Nikaenda kwenye kilima kimoja upande wa Kambove ambako miti inakataa kuota, kwa sababu udongo umejaa shaba, na maua madogo ya zambarau ndiyo yanaupenda. (Si Shinkolobwe kwenye urani, tafadhali. Nilitaka maua, sikutaka ugonjwa.) Na kwa kuwa mimi ni mtu wa biolojia, nilijua yatataka udongo wake, nikaubeba pia, magunia manne, na vijiwe vyake vya kijani ndani. Nikayapanda kando ya ukuta wa matofali mabichi unaotutenga na jirani. Yakakubali! Nilicheza peke yangu uani, na baba akanichungulia dirishani.

"Haiko mustari," akasema.

"Njo maana yake, Papa!"

Akili zangu zote, na bado nilisahau jambo ambalo mji mzima unalijua: ua lile likiota mahali, wachimbaji wanasema chini kuna shaba.

Jumapili baada ya Pasaka kaka yangu angekuja na gari kumchukua baba. Valizi, sanduku lake la nguo, ilishasimama mlangoni, maana baba hakuwa ameniambia ndiyo wala hapana. Kwenye misa kwaya ilisikika nyembamba, sauti ya besi haikuwepo. Besi ni jirani yetu, mchimbaji tangu ujana. Niliona amekosekana na sikuwaza zaidi.

Tulipofika nyumbani, ukuta haukuwepo. Mahali pake palikuwa na mfereji mrefu uliopinda, na ndani yake jirani, shati la kwaya likiwa limejaa matope, pamoja na mashemeji zake wawili. Walikuwa wameanzia upande wao, kwa adabu, mpaka ukuta ukawaangukia.

"Papa!" akapaza sauti, jiwe la kijani mkononi. "Shiye bote batajiri! Maua ilitutolea siri!"

Aka, aibu gani ile! "Ile majiwe ni minye niliileta," nikasema. "Mu magunia."

Akalitazama jiwe, akanitazama mimi. "Na chini?"

"Chini ni udongo wa bilinganya."

Shemeji mmoja akakaa chini mferejini. Nikajua yamekwisha, baba atabeba valizi yake. Lakini yeye alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, akitazama pale palipokuwa na ukuta. Kiwanja cha jirani kinateremka, na ng'ambo yake vilima vilionekana vyote, ambavyo hatukuwahi kuviona tukiwa nyumbani.

"Ile mufereji ya Waingereza," akauliza, "inaitwa namna gani?"

"Ha-ha."

"Ha," akasema. Kisha tena, "ha," na kicheko kikamtoka tumboni, kikamwingia jirani shimoni, kikanikamata na mimi hadi nikashika mbavu. Kaka alipopiga honi hakuna aliyeweza kumjibu.

"Leta kamba," baba akaniambia, akijifuta machozi. Akamrushia jirani ncha moja. "Umechimba yote kombo-kombo! Vuta pale. Hapana, pale! Kushoto!"

Kuamrisha hakuhitaji mgongo. Na mimi, mjinga, miezi yote nilikuwa nikimtafutia bustani isiyohitaji mtu.

Kaka akauliza taratibu valizi iko wapi.

"Rudisha mu chumba," baba akasema bila kugeuka. "Hii kazi iko ya mwaka muzima."

Nilifungua mdomo nimweleze kwamba jarden sovaje haina mstari. Nikaufunga, nikaenda kutoa mashati yake ndani ya valizi.