Kilo Zangu na Kiti cha Mama

Naweka dau hakuna atakayeniamini: mama Mchina anayetutembeza sisi wafanyabiashara Waafrika wa soko la Sanyuanli, huko kwao, hajawahi kupanda helikopta anayotupandisha kuangalia milima. Jana kiti kimoja kilibaki, rubani akamwambia apande. Mama akafunga mkanda mapema. Kilo zetu za kumpa rubani alishatuuliza na kuziandika kiganjani, kama kawaida yake. Mimi nilisema sabini. Rubani akaleta mizani, nikapanda: tisini na tano! Uzito umezidi, mmoja ashuke. Mama akanipapasa tumbo.

"Bosi, hili ulilificha wapi?"

Akacheka, akashuka yeye. Mchana, kwenye hekalu la kale, akawasha udi, akanivuta shati.

"Bosi, kule juu kukoje?"

Nikamsimulia mpaka udi ukaisha. Kilo zangu nilikuwa nimezipunguza kama ninavyopunguza za mzigo ili nilipe nauli ndogo. Hapo nilikosea: kile kiti kilikuwa chake.