Chokaa Iliyovuka Ua

Juzi bendera nyekundu ilinisimamisha kwenye barabara inayojengwa karibu na Olenguruone, nikashuka kunyoosha miguu. Injinia, msichana wa miwani, alikuwa ameweka laptop juu ya boneti ya gari lake. Alinieleza kwamba programu yake imefundishwa kwa vipimo vya udongo wa barabara nyingi. Ukiiambia mifuko ya chokaa uliyochanganya, inakadiria udongo utakuwa mgumu kiasi gani.

"Kesho tunafungulia lori za viazi," akasema.

Foreman, mzee wa kofia ya manjano, alikanyaga kwa kisigino. Kikazama.

"Madam, hii bado ni uji."

"Haiwezekani. Si uliandika mifuko arobaini?"

Mzee akakuna shingo. "Niliandika ile ya plani. Lakini tulipata kumi na mbili hapa, tukachanganya hizo."

Ng'ambo ya ua, mama mmoja aliacha jembe. Shamba lake la viazi lilikuwa jeupe kwa chokaa kutoka mwisho hadi mwisho.

"Kwani hiyo chokaa ilikuwa yenu?" akauliza. "Ya kupunguza asidi ya shamba huwa tunaachiwa hapo hapo barabarani. Tuligawana majirani wote."

Injinia alifuta arobaini, akaandika kumi na mbili. Mashine ikajibu papo hapo kwamba lori zisipite. Masomo yote hayo, na imefika pale kisigino kilipokuwa kinaisubiri.

Mama akaegemea ua, akaielekezea laptop kidole.

"Sasa iambie hizo zingine ziko kwa viazi, tusikie itasema nini."