Kadi Isiyo na Neno

Nakumbuka siku moja, nikiwa kijana mwenye afya tele, nilisikia watu wakiniombea mimi pumziko la milele.

Mwanangu, nilikuwa nimetoka mjini Élisabethville, nilikopakia makaa kwenye treni za moshi, nikienda nyumbani upande wa Mitwaba kwa likizo yangu ya kwanza. Nje ya ua wetu nikasikia rozari, kisha sauti ya mama: "Na Ilunga, mutoto yangu, Bwana umupe mapumuziko."

Nilipojitokeza mlangoni, mama alikuwa ameketi chini, kichwa kimenyolewa. Shangazi akapiga yowe, akanyakua ufagio.

"Rudia kwenye ulitoka! Siye tulishakulilia!"

"Tantine, ni miye! Niko muzima!"

Watu walikimbia. Mama peke yake alinitambalia, akanishika vidole vya miguu, kimoja kimoja. Vilikuwa na joto. Hapo ndipo alipolia.

Kosa langu lilikuwa hili. Miezi miwili kabla, nilinunua kadi ya posta yenye picha ya stesheni yetu, na paa lake refu na moshi mweupe juu ya reli. Nilitaka mama aone mahali mwanawe anapofanya kazi. Lakini niliona haya kuichafua kwa mwandiko wangu. Nikamwomba karani wa posta aandike jina la mama na anwani ya misheni ya kwetu kwa herufi zake nzuri, na nafasi ya maneno nikaiacha tupu.

Sasa, kwetu hakuna aliyethubutu kuandika kifo. Kijana akifia mjini, wenzake walituma kofia yake au shati, bila neno. Kadi yangu ilifika hivyo hivyo, kimya, kwa mkono wa mgeni. Katekista wetu aliigeuza, akaiinua kwenye jua, akatafuta hata nukta. Hakuipata.

Siku ile niliyorudi, watu walipotulia, mzee huyo alinipa penseli. "Andika."

"Niandike nini, baba? Si munaniona?"

"Mama yako analala na hii karatasi chini ya kichwa. Unataka alale na kifo yako?"

Nikaandika: Mama, niko muzima. Ungedhani kuku amekanyaga matope. Mama hakujua kusoma. Akapitisha kidole juu ya maneno.

"Mwandiko mubaya hivi," akasema, akicheka na kulia, "njo ule nilikuwa nangojea."

Kadi ninayo. Stesheni imefifia, penseli bado inasomeka.

Mwanangu, nawe sasa unasafiri: waraka ni nusu ya kuonana, na mficha uchi hazai. Usiwatumie wanaokupenda picha nzuri na kuwanyima neno lako kwa kuona haya. Andika vibaya, lakini andika wewe.

Mungu aliyeniondoa kati ya marehemu na kunirudisha mikononi mwa mama akulinde njiani. Na siku utakapofika nyumbani, uwakute wanaokungoja, si wanaokulilia. Amina.