Michi Miwili, Kinu Kimoja

Niliondoka Kindu kwa sababu mama alikuwa hamalizi tena sahani yake. Tangu mvua za Aprili dada yangu mkubwa Georgine, mwalimu huko Kisangani, alikuwa ameacha kwenda darasani, kisha akaacha kupokea simu. Mwenye nyumba wake, Mama Lisette, ndiye aliyetupasha habari: halali, hali, anatazama ukuta. Baba akaamua nikamrudishe nyumbani. Mama akanifungia mchele wa kwetu, akiamini mwanawe amekonda kwa kuukosa.

Siku tatu tulishuka mto kwa boti ya mbao hadi Ubundu. Kutoka hapo nilipanda pikipiki ya Papa Djo, na njia nzima ya msitu nilitunga maneno ya kumbembeleza mgonjwa. Tukapatana anisubiri siku mbili; tungerudi watatu.

Kisangani, saa kumi jioni. Nyumba iko ukingoni mwa mji, kwenye njia ya kwenda msitu wa Masako. Kabla sijaona mtu nilisikia michi miwili ikipokezana katika kinu kimoja. Georgine alikuwa anatwanga lituma, ndizi za kuchemsha, pamoja na mama mfupi mwenye mabega ya mpiga kasia. Aliniona, asisimame.

"Petit, mdogo wangu, ngoja kwanza. Nikiacha, itapoa."

Maneno yangu yote ya njiani yakaniishia.

Yule mama mfupi, ndiye Mama Lisette, alitazama mchele wangu, akacheka. "Munawaza huku tunakulaka ukuta?"

Alinisimulia jinsi alivyompeleka Georgine kwanza kwenye kituo cha afya, wakamkuta na malaria na upungufu wa damu, naye Mama Lisette akawa anakaa kando ya kitanda chake mpaka dawa imezwe. Kisha ikaja sheria ya nyumba yake: hakuna anayekula lituma asiyoitwanga. Siku ya kwanza Georgine alipiga mara tatu, akalia. Akapewa matonge matatu. Siku ya pili alipiga mara tano.

Asubuhi iliyofuata tulikwenda mashamba ya kando ya Masako, maana Agosti ni msimu wa mbinzo, wale viwavi watamu. Georgine alitangulia, hatua ndefu, kisha akasimama chini ya mti na kusikiliza. Kinyesi cha viwavi kilikuwa kikidondoka juu ya majani makavu kama mvua nyembamba.

"Iko hapa," alisema, akitabasamu.

Hapo nikamweleza amri ya baba. Aliendelea kuokota.

"Nikirudia leo, nitarudia mugonjwa. Darasa inafunguka Septemba. Ambia papa nitakuya Noël, mwezi wa kumi na mbili, na miguu yangu."

Nilimtazama, matope hadi magotini, na nikajionea haya. Mimi ni mwandishi, na katika riwaya zangu huzuni huishi kichwani tu, kana kwamba haina damu, tumbo wala majira.

Siku ya kurudi Papa Djo aliuliza abiria wa pili yuko wapi. Nikamwonyesha gunia la mbinzo zilizokaushwa motoni usiku kucha. Akalifunga nyuma yangu, akisema huyu angalau hatalalamikia mashimo.

Bandarini Kindu mama alitazama kila aliyeshuka. Nilipofika peke yangu, uso wake ulisawijika. Nikamwekea gunia miguuni. Alilifungua, akanusa.

"Nani alizikausha?"

"Yeye mwenyewe. Alizitafuta, akaziokota, akazikausha."

Jioni ile mama alizipika kwa mawese. Alikula polepole mpaka sahani ikabaki nyeupe, kisha akaisogeza mbele aongezewe.