Jina la Tovuti Lililobaki kwa Mugisho

Saa mbili asubuhi, Francine Lwamba anapangusa vumbi kwenye paneli ya sola, anawasha kompyuta, kisha anasubiri mtandao wa mji wa Kasongo, mashariki mwa Kongo, uamke. Ukigoma, anaendelea kusubiri tu.

Anatunza tovuti ya chama cha familia za Kabambare zilizopotezana kwa vita. Mtu anaandika jina la tovuti kwenye simu, anaona ndugu zake wanapatikana wapi.

Chama kilipoanza hakikuwa na kadi ya benki. Mugisho, mfanyabiashara wa dhahabu kutoka Kivu, akawalipia vyote: jina la tovuti, na kampuni ya kuhifadhi kurasa zake. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hakuna aliyeuliza jina limeandikishwa kwa nani.

"Kwetu mutu akikupa kitu, hauulize karatasi," anasema Francine. "Ni kumutukana."

Heshima hiyo nusura iwaponze. Mwaka huu kampuni ile ya kuhifadhi kurasa ilifungwa. Francine akahamishia kurasa kwa kampuni nyingine, akamshukuru Mungu. Watu wakaandika jina, wasione kitu.

"Nilizani jina na nyumba ni kitu kimoja," anasema. "Kumbe nimehamisha vyombo, kibao cha njiani kinaonyesha nyumba ya zamani."

Kugeuza kibao ni kazi ya mwenye jina, naye alikuwa Mugisho. Tena muda wa jina ulikuwa ukingoni. Ukiisha, yeyote angelichukua. Wenzake Francine chamani wakamwambia anunue jina jipya, yaishe. Alikataa katakata. Akapanda pikipiki hadi machimbo ya dhahabu ya Lusangi, aliko Mugisho, aibu imemjaa: utaanzaje kumdai mtu zawadi yake?

Mugisho alimsikiliza hadi mwisho.

"Mama Francine, mulikuwa munaniogopa?" aliuliza. "Mungeniambia tu. Ile iko yenu."

Wakapanda kilimani penye mtandao. Akafungua barua pepe yake, akampa namba ya siri ya kuhamishia jina. Leo limeandikishwa kwa chama.

Francine anapanga kwenda Wamaza na Nyangwe kuvifundisha vyama vingine kuuliza mapema, kwa adabu. Namuuliza: kwa nini alikataa jina jipya?

Anatazama skrini. Alipotezana na mdogo wake, Falonne, katika vita vya mwisho, tovuti ikiwa tayari ipo. Hajasikika mpaka leo.

"Hana simu, hana namba yangu," anasema. "Nilimufundisha lile jina tu, akalishika kwa kichwa. Siku ataliandika kwenye simu ya mutu, anikute."