Cheti cha Kutokuwa na Mionzi

Nzzzz. Kama nyuki aliyefungiwa ndani ya jerikeni. Mlio huo Semahoro aliubeba kutoka Kampala hadi Rubondo, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, na kila kulipotulia ulimrudia masikioni. Wiki sita, siku tano kila wiki, hospitalini walimlaza juu ya meza, wakamvika usoni barakoa ngumu yenye matundu, wakaibana mezani, kisha wakatoka wote wakamwacha na nyuki wao. Hakuhisi kitu. Na hilo ndilo lililomkera baadaye: alikuwa ametiwa kitu kisichoonekana, kisichonuka wala kupasha joto, na sasa alitakiwa awathibitishie watu kwamba hakimo tena.

Uvimbe wa kooni ulikwisha, daktari alisema. Sauti nayo ilikwisha, au karibu. Mtu aliyekuwa akiita ng'ombe kutoka ng'ambo ya bonde, kule kwenye milima ya Kivu, nao wakageuza shingo, sasa alinong'ona kama aliyechelewa kanisani. Hilo angelivumilia. Alichoshindwa kuvumilia ni usingizi wa mjukuu wake.

Mtoto alizaliwa Semahoro akiwa bado Kampala. Alikuwa wa kwanza wa mwanawe Mihigo, anayekamua ng'ombe wa watu huko Kakiika na kurudi nyumbani Jumamosi. Katika ukoo wao, babu humpakata mtoto, humgusisha tone la maziwa mdomoni, ndipo humpa jina. Kabla ya hapo ni mtoto tu. Huyu alikuwa na wiki saba, na bado alikuwa mtoto tu.

"Mutoto iko wapi?" Semahoro aliuliza siku aliyofika.

"Analala, Baba," alijibu Gaju, mke wa Mihigo, macho chini.

Jioni akauliza tena. "Analala, Baba." Asubuhi, huku kilio kikipasua pazia la chumba: "Analala, Baba."

"Analala na analia?"

"Analia mu ndoto, Baba."

Gaju alikuwa na adabu zake zote. Mkaza mwana hamkatalii baba mkwe usoni, wala hatamki jina lake. Baba mkwe naye haingii chumbani kwa mkaza mwana, hata nyumba ikiwaka. Adabu hiyo Semahoro mwenyewe ndiye aliyemsifia Gaju mbele za watu siku ya harusi. Sasa ilikuwa ukuta. Hakuna aliyemkatalia, kwa hiyo hakuna wa kugombana naye. Kikombe chake kilitengwa. Kiti chake kilisogezwa, leo hatua moja, kesho nyingine, hata akajikuta anakula ubavuni mwa banda la kuku.

Jumamosi Mihigo alikaa naye, akazungusha kofia mikononi mpaka ukingo ukalegea.

"Baba, ni ile mionzi. Banasema inabakia mu mwili. Si unakumbuka mama Vestine? Balimukataza kushika batoto. Alikaa kule Kampala miezi mitatu."

Vestine alikuwa jirani yao, Mrundi, aliyetibiwa rovu la shingo miaka mitatu nyuma kwa dawa ya mionzi ya kumeza. Na ni kweli walimkataza watoto, yeye mwenyewe alisimulia kijiji kizima.

"Yangu ilikuwa ya mashini," alinong'ona Semahoro.

"Mionzi ni mionzi, Baba."

Semahoro alikuwa ameishi Nakivale miaka kumi na miwili, na makazi yalikuwa yamemfundisha jambo moja: neno la mdomo halimshibishi mtu. Chakula kilitoka kwa karatasi, kiwanja kwa karatasi, na hata marehemu hakuhesabiwa amekufa mpaka karatasi yake ipigwe muhuri. Basi alijua la kufanya. Angeleta karatasi.

Mara ya kwanza alifika hospitali moja ya Mbarara akakuta dirisha limefungwa. Mara ya pili aliambiwa aende kulekule alikotibiwa. Mara ya tatu alikaa kwenye benchi la chumba cha picha tangu asubuhi, na kila mlango ulipofunguliwa alisimama, mpaka Mbabazi, mwanamke anayepiga picha za mifupa, akachoka kumwona akisimama.

"Mzee, wewe nakuja tena?"

"Nataka karatasi. Iandikwe sina mionzi. Ipigwe muhuri."

"Hiyo karatasi hakuna. Hata mimi sina hiyo karatasi. Hakuna mutu iko nayo."

"Unipime basi. Mama moja jirani yetu, balimukataza batoto miezi mitatu."

Mbabazi alicheka, kisha akaona uso wa mzee, akaacha. Akanyoosha mkono ukutani, akazima taa. "Mwanga iko wapi sasa? Imebaki kwa shati yako?"

"Hapana."

"Mashine yako ni hivyo. Nazima, imekwisha. Huyo mama jirani yako alikula dawa. Dawa yenyewe nawaka, kama makaa. Nakaa kwa tumbo, nawaka, pole pole nakufa. Hiyo ni ingine kabisa."

"Na mawe? Kule kwetu batu banachimba mawe, banasema yanaunguza."

"Mawe ingine iko nayo. Udongo iko nayo. Jua pia natoa yake. Mzee, hata matoke ulikula leo iko nayo kidogo!"

Neno la matoke Semahoro aliamua kuliacha hukohuko Mbarara.

Lakini hakuondoka benchini. Mwishowe Mbabazi alivuta karatasi, akaandika mistari minne, akaigonga muhuri wa idara kwa nguvu, kama mtu anayeua mdudu. Semahoro aliikunja ndani ya Biblia yake ndogo, na njia nzima alikuwa akiigusa.

Gaju, aliyesoma mpaka sekondari, aliisoma uani, amesimama. Midomo yake ilikwenda polepole, kisha ikasimama.

"Baba, hapa banasema umepata mionzi mara makumi tatu."

"Soma mbele! Soma ya chini!"

"Na huu muhuri... Idara ya Mionzi." Aliiweka karatasi chini taratibu, kwa heshima yote, akaenda kunawa mikono.

Semahoro alifungua kinywa amkemee, aikemee karatasi, aikemee Mbarara nzima na madirisha yake. Ulitoka upepo tu, na kuku wawili wakageuka kumtazama.

Vestine aliingia uani wakati huo, akiwa na mtoto wa Gaju mgongoni. Alikuwa amemchukua asubuhi wakaote jua, kama kila siku. Semahoro alimwonyesha karatasi. Alimwita kwa kidole, na Vestine akainama mpaka sikio likakaribia mdomo wake.

"Mama Vestine, ile miezi yako mitatu..."

"Miezi mitatu gani?"

"Ya mionzi."

"Ya mionzi!" Vestine alinyooka, akashika kiuno. "Nani kawaambia? Dawa ilinikaa wiki mbili, wakaniambia nenda, kabebe watoto unaowataka. Iliyobaki nilikuwa nangoja saini ya kadi yangu ya chakula! Leo mkubwa hayupo, kesho mkubwa yuko semina. Miezi miwili na nusu ya semina!"

Gaju alisimama na mikono inayodondosha maji. "Lakini Baba amemaliza mwezi uliopita tu."

"Kwani yeye amemeza nini? Kule hospitali nilikuwa jirani na hao wa mashini, mama. Jioni walitoka wakapakata watoto wao pale kwenye nyasi, mimi nawachungulia dirishani kwa wivu."

Gaju alijifuta mikono, akamfungua mtoto mgongoni mwa Vestine. Alitandika mkeka miguuni pa Semahoro, akamlaza hapo, maana mkaza mwana hampi baba mkwe kitu mkononi. Akaleta maziwa katika kibuyu, akayaweka kando, akarudi nyuma hatua mbili. Mtoto alikuwa macho. Alimtazama babu yake bila haraka yoyote.

Mikono ya Semahoro haikutoka magotini. Alijigusa shingo, pale ngozi ilipokuwa bado nyeusi na kavu, ikibanduka kama ganda la kitunguu, akakitazama kidole chake.

"Baba?" alisema Gaju.

Mzee aliinama juu ya mkeka. Alichosema kilikuwa chini mno, hata Gaju akalazimika kuzirudisha zile hatua mbili na kupiga magoti karibu naye.

"Na miye naogopa, Gaju. Wewe shika kichwa chake, miye nishike miguu."